Programu ya Tayari au ya Vipimo: Namna ya Kuchagua Unapotaka Kuongeza Nguvu ya Pikapu ya Dizeli

Mwenye pikapu anayetaka kuongeza nguvu ya injini kwa njia ya kompyuta huuziwa bidhaa mbili. Ya kwanza ni programu ya tayari, ambayo imeandikwa mara moja kwa ajili ya aina fulani ya injini na huuzwa kwa kila mwenye injini hiyo, iwe ndani ya kifaa cha mkononi, ndani ya kisanduku kinachochomekwa kwenye nyaya za injini, au kama faili ambalo fundi analo kwenye kompyuta yake. Ya pili ni programu ya vipimo, ambayo huandikwa na kurekebishwa kwa kufuata vipimo vya gari moja, likiwa barabarani au juu ya mashine ya kupimia nguvu. Mwongozo huu unahusu namna ya kuchagua kati ya hizo mbili kwa pikapu zinazofanya kazi Afrika Mashariki, na msimamo wake ni kwamba jina linaloandikwa kwenye risiti lina uzito mdogo kuliko swali hili: je, kuna mtu aliyelipima gari lako, na je, namba alizozipata zimebadilisha chochote katika faili?

Je, injini yako ina cha kubadilishwa?

Thibitisha kwanza kwamba mafuta na hewa ya injini yako vinatawaliwa na kompyuta. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo Tanzania huitwa mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo, hupata dizeli kupitia pampu inayorekebishwa kwa bisibisi na spana, tena haina tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Hilux za zamani zenye injini ya 5L ni hivyo hivyo. Anayekuuzia chipu ya injini hizo anakuuzia kiboksi chenye taa. Hilux ya petroli ya lita 2.7, yenye injini ya 2TR, ina kompyuta lakini haina tabo, na kwa kuwa hewa inayoingia haiongezeki, hakuna faida ya kuongeza mafuta. Utapata nguvu za farasi chache ambazo hutazihisi gari likiwa na mzigo. Fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia matairi.

Zinazonufaika kweli ni injini za dizeli zenye tabo na mfumo wa komoni reli, ambamo bomba moja, yaani reli, hutunza dizeli kwa shinikizo kubwa kwa ajili ya nozeli zote zinazoinyunyiza: 2KD na 1KD za Toyota, 2GD na 1GD zilizozifuata kuanzia mwaka 2015, injini za Ford Ranger za lita 2.2 na 3.2, na za Isuzu D-Max za 4JK1 na 4JJ1. Katika injini hizi kompyuta ndiyo inayoamua dizeli inyunyizwe kiasi gani, kwa shinikizo gani na pistoni ikiwa wapi, na tabo isukume hewa kiasi gani. Juu ya maamuzi hayo imewekewa mipaka, mmoja wa toki, yaani nguvu ya kusokota inayofika kwenye giaboksi, na mwingine wa moshi. Programu mpya hubadilisha majedwali ya maamuzi hayo na kuisogeza mipaka hiyo. Kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kanyagio la mafuta hakigusi lolote kati ya haya. Huiambia kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga, gari likaonekana jepesi, huku nguvu yake ya juu ikibaki ile ile.

Pima injini kabla ya kuzungumza bei

Programu haiponyi injini mbovu, bali huharakisha kufa kwake. Injini ya 1KD inafahamika kwa mafundi wa dizeli kwa nozeli zinazochoka na pistoni zinazopasuka, na nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuinyunyiza inaweza kuchoma kichwa cha pistoni hata kabla hujaongeza chochote. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu, gari lisomwe kwenye kompyuta ili kuona kama kuna kosa lililohifadhiwa, nozeli zipimwe kiasi cha dizeli zinachorudisha, mipira ya intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, ikaguliwe kama ina nyufa au alama za mafuta, filta ya hewa na ya dizeli zibadilishwe, na menifoldi ya hewa, yaani bomba linaloigawa hewa kwenye injini, ifunguliwe ikiwa gari limetembea sana, kwa sababu masizi yanayorudishwa na mfumo wa moshi hujenga ukuta mweusi ndani yake hadi njia ya hewa ikawa nyembamba.

Kipimo kinachoeleza mengi kuliko vyote hufanyika barabarani. Fundi huunganisha skana yenye uwezo wa kurekodi, dereva huweka gia ya tatu au ya nne mahali palipo wazi, kisha hukanyaga mafuta hadi mwisho kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika hadi karibu na 4,000. Namba nne hurekodiwa kwa pamoja kwenye mchoro mmoja: shinikizo la reli ambalo kompyuta imeliomba, shinikizo la reli lililopatikana, na vivyo hivyo kwa tabo, lililoombwa na lililopatikana. Tuseme kompyuta inaomba bar 1,600. Ikiwa reli inatoa 1,600 ikicheza kidogo juu na chini, mfumo wa dizeli ni mzima. Ikiwa mizunguko inapopita 3,000 kinachopatikana kinashuka hadi 1,450 huku maombi yakibaki pale pale, kuna filta iliyoziba, pampu iliyochoka, au nozeli zinazorudisha dizeli nyingi kwenye tangi, na injini hiyo haina akiba yoyote ya kukupa. Programu mpya, ya aina yoyote, itaomba zaidi ya kile ambacho tayari kinashindikana. Fundi asiyekuonyesha mchoro huu kabla ya kugusa faili hajui anachokiongeza juu yake.

Klachi nayo ipimwe. Panda mlima kwa gia ya nne au ya tano kwa mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta. Sindano ya mizunguko ikipanda wakati ile ya mwendo imetulia, klachi inateleza, na itakwisha mapema baada ya toki kuongezwa.

Chanzo cha dizeli pia kina uzito wake. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli inavyotakiwa, na ndiyo moja ya sababu zilizoifanya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji nchini Tanzania, ianze kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya itoze ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Ikiwa kazi yako inakulazimisha kununua dizeli kwenye madumu kando ya barabara, usiongeze shinikizo la reli hata kidogo.

Programu ya tayari inafaa wapi

Kisanduku cha kuchomeka ndicho sura rahisi zaidi ya programu ya tayari. Hukaa kati ya sensa ya shinikizo la reli na kompyuta, na huifanya kompyuta iamini kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo, hivyo ikaliongeza. Faida yake ni kwamba unaweza kukitoa kwa dakika chache na faili la kiwandani halijaguswa. Hasara yake ni kwamba kompyuta sasa inafanya hesabu kwa namba ya uongo: haijui dizeli iliyoingia kwa kweli, haibadilishi wakati wa kunyunyiza, na mpaka wake wa moshi hauna maana tena. Kwa gari ambalo bado lina dhamana na mwenyewe anataka nguvu kidogo ya kupita malori, kinaweza kuvumiliwa kikiwekwa kwenye kiwango cha chini. Kwa gari la mzigo, sikipendekezi.

Kifaa cha mkononi chenye programu kadhaa ndani yake kimeenea zaidi Marekani, ambako pikapu kama Ford F-150 huuzwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka na mtengenezaji ana sababu ya kuandaa programu ya kila injini, moja ya kukokota, moja ya kubana matumizi na moja ya mwendo. Mwenye gari huichagua mwenyewe, na kifaa huhifadhi faili la awali. Kwa Hilux na D-Max za huku, kinachopatikana kwa wingi ni faili la tayari linalowekwa na fundi kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani.

Faili hilo likitoka kwa mwandishi makini, linatosha kabisa kwa gari lililo katika hali ya kiwandani: tabo ile ile, filta ile ile, bomba la moshi lile lile, matairi ya saizi iliyoandikwa mlangoni, injini iliyofaulu vipimo vilivyotajwa hapo juu, na mwenye gari asiyebeba zaidi ya kilichoruhusiwa. Hakuna haja ya kulipia saa nyingi za kurekodi ili kuongeza asilimia 15 ya toki kwenye gari la aina hiyo. Unachotakiwa kufanya ni kuomba kiwango cha chini kabisa alicho nacho, na kulikataa lile faili linalotangazwa kwa namba kubwa.

Namba kubwa zina mtego ambao Toyota yenyewe imetuonyesha. Injini ya 1GD ya lita 2.8 ilipoingia kwenye Hilux mwaka 2015 ilikuwa na farasi 177 na toki ya Nm 450 kwa giaboksi ya otomatiki. Mwaka 2020 ilipanda hadi farasi 204 na Nm 500. Ungetegemea kwamba kiwanda, chenye faili lake mkononi, kingefanya hivyo kwa kuandika namba mpya tu. Badala yake kilibadilisha tabo kwa yenye mapanga makubwa zaidi, kikabadilisha mfumo wa kunyunyizia dizeli, menifoldi ya moshi, pistoni na ringi zake, na kuimarisha bloku. Kwa hiyo anayekuahidi zaidi ya farasi 204 kwenye injini ya mwaka 2016 kwa faili peke yake anakuahidi kile ambacho wahandisi wa kiwanda hawakukubali kukitoa bila kubadilisha vyuma. Huenda akakipata, na kwa miezi kadhaa utafurahi. Kinacholiwa ni ile akiba ya uimara iliyowekwa kwa ajili ya joto, vumbi na dereva asiye na huruma.

Mwinuko ndio unaoamua mara nyingi

Hapa ndipo programu ya vipimo inapostahili bei yake, na ndipo mafaili mengi ya tayari yanapoharibu tabo bila mwenye gari kuelewa kilichotokea. Chukua programu inayotaka ndani ya menifoldi hewa yenye shinikizo kamili, yaani pamoja na lile la hewa ya nje, la bar 2.2. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ya nje ina takriban bar 1, tabo inaikandamiza mara 2.2. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ina takriban bar 0.82, na ili kufikia bar 2.2 zile zile tabo inabidi iikandamize karibu mara 2.7. Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, inakaribia mara 3. Tabo haina namna nyingine ya kufanya hivyo isipokuwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayotoka humo ni ya moto zaidi, hivyo intakula nayo inaelemewa.

Watengenezaji wa magari wanalijua hilo, na ndani ya kompyuta wameweka jedwali linalopunguza maombi ya hewa na dizeli kadiri sensa ya hewa ya nje inavyosoma mwinuko. Mwandishi wa faili aliyelijaribu gari lake kwenye nchi tambarare ya Ulaya anaweza kulipuuza jedwali hilo, au akalipandisha pamoja na mengine yote kwa sababu halikuwahi kumletea shida. Gari linalobaki pwani halitalalamika. Gari la Njombe, la Nakuru au la Kigali litalalamika, kwanza kwa moshi mweusi kila linapopanda, kisha kwa mlio wa tabo unaokuwa mwembamba na mkali, na mwishowe kwa mafuta ya injini kwenye mipira ya hewa.

Mzigo huongeza tatizo lile lile. Pikapu tupu mjini hukanyagwa mafuta hadi mwisho kwa sekunde chache, lakini ile inayopanda mlima wa Kitonga ikiwa na tani moja mgongoni hubaki hivyo kwa dakika kadhaa, na joto la moshi hupanda wakati wote huo. Mafundi wengi wa dizeli huhesabu nyuzi 700 hadi 750 za Selsiasi, zikipimwa kwenye menifoldi kabla ya tabo, kuwa mpaka wa kuendesha kwa muda mrefu. Programu ya vipimo iliyoandikwa vizuri huanzia hapo: sensa ya joto inafungwa, gari linapandishwa mlima halisi likiwa na mzigo halisi, na dizeli inapunguzwa mahali ambapo joto linapita kiasi, hata kama farasi kumi zitapotea kwenye karatasi.

Sababu nyingine za kuhitaji programu ya vipimo ni nyepesi kueleza. Ukishabadilisha tabo, nozeli, intakula au bomba la moshi, faili la tayari linazungumzia injini ambayo si yako. Matairi makubwa, bodi ya chuma, tangi la pili na bampa zito la mbele, kama yalivyo magari mengi ya utalii na ya miradi, huifanya giaboksi ya otomatiki ibadilishe gia mahali pasipofaa, na hilo hurekebishwa kwa gari husika peke yake.

Namna ya kutambua programu ya vipimo ya jina tu

Huenda umeketi kwenye gereji ukaona utaratibu huu. Fundi anasoma faili la gari lako, analituma kwa kampuni ya mafaili iliyo Ulaya, anakunywa chai, na baada ya nusu saa ujumbe unaingia kwamba faili liko tayari. Analiweka, anafuta makosa, anakuomba ukaendeshe hadi mzunguko wa barabara na kurudi. Unahisi tofauti, unalipa. Kwenye risiti imeandikwa kwamba programu imetengenezwa kwa ajili ya gari lako, na kwa maana finyu ni kweli, kwa kuwa faili lililobadilishwa ni lako. Lakini aliyelibadilisha hajui kama gari liko Mombasa au Eldoret, nozeli zimetembea kilomita ngapi, wala mgongoni linabeba nini. Hiyo ni programu ya tayari. Si lazima iwe mbaya, na kwa gari la kiwandani lililo pwani inaweza kuwa ndiyo unayoihitaji, ila bei yake isiwe ya programu ya vipimo.

Muulize fundi maswali haya kabla ya kuacha ufunguo. Je, atarekodi gari kabla na baada, na atakupa rekodi hizo? Faili litarekebishwa mara ngapi, na nani analirekebisha, yeye au mtu mwingine? Joto la moshi litapimwaje? Jedwali la mwinuko atalifanyia nini? Mwandishi wa kweli wa programu hujibu swali hili la mwisho kwa maelezo marefu kuliko ulivyotaka, na hiyo ni dalili njema. Ukijibiwa kwamba kompyuta itajirekebisha yenyewe, chukua bei ya programu ya tayari au ondoka.

Mashine ya kupimia nguvu ni msaada mkubwa, lakini usiisome bila kujua inavyohesabu. Mashine nyingi huongeza matokeo ili kufidia mwinuko, kwa kanuni iliyotungwa kwa injini zisizo na tabo. Nairobi kanuni hiyo inaweza kuongeza karibu moja ya tano, wakati injini yenye tabo imekwisha kujifidia yenyewe kwa sehemu. Linganisha tu kipimo cha kabla na cha baada, kwenye mashine ile ile, siku ile ile, kwa mpangilio ule ule.

Yapo pia ya kukataa hata yakitolewa bure. Kuzima chujio la masizi na mfumo wa kurudisha moshi mara nyingi huuzwa pamoja na programu, kwa hoja kwamba dizeli yetu haivifai vifaa hivyo. Tangu Januari 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kimewekwa kisizidi sehemu 50 kwa milioni, na hoja hiyo imepungua nguvu sana. Marekani, ambako shirika la serikali la mazingira lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa hivyo katika muda wa takriban miaka kumi, biashara hiyo imewaletea wauzaji faini nzito.

Siku ya kuweka programu na siku zinazofuata

Faili la awali lisomwe na kuhifadhiwa mahali pawili, nakala moja ikiwa mikononi mwako, kabla neno lolote halijaandikwa kwenye kompyuta ya gari. Betri iungwe kwenye chaja imara muda wote wa kuandika, kwa kuwa umeme ukishuka katikati kompyuta inaweza kukataa kuwaka tena. Gereji inayotegemea betri ya gari peke yake, taa za ndani zikiwa zinawaka na redio inacheza, usiiruhusu iendelee.

Gari likishawaka, rudia ule mchoro wa barabarani kwa gia ile ile na uuweke kando ya wa kwanza. Kilichoombwa na kilichopatikana viendelee kufuatana hadi mizunguko ya juu. Moshi mwepesi wa kijivu unapokanyaga ghafla unavumilika. Moshi mweusi unaoendelea ni dizeli isiyopata hewa, na faili lirudishwe kwa mwandishi siku hiyo hiyo. Kisha lipeleke gari kwenye njia unayoijua, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, na uangalie joto la maji, klachi na namna gia zinavyobadilika. Badilisha mafuta ya injini mapema kuliko ulivyozoea, kwa sababu masizi yanayoingia humo huongezeka pamoja na dizeli.

Ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba nguvu ya injini imebadilishwa, maana mabadiliko yasiyotajwa ni sababu rahisi ya kukataa fidia. Kama gari bado linahudumiwa kwa wakala, waambie wasiweke toleo jipya la programu ya injini bila kukuuliza: likiwekwa litafuta kila kilichoandikwa juu ya lile la zamani, na nakala ya faili la awali uliyoihifadhi huenda isilingane tena na toleo hilo, hivyo kazi yote itaanza kwa kusoma faili upya.